Nimehama kutoka Debian 12 kwenda Debian 13: yaliyonikuta, na wewe uliyehama leta yako

Mdau_Terminali (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwa wiki mbili hizi nimehamisha mashine tatu zinazotumia mfumo endeshi wa Debian kutoka toleo la 12 (bookworm) kwenda Debian 13 (trixie): kompyuta mpakato ninayofanyia kazi kila siku, ya mezani inayotumiwa na kila mtu nyumbani, na mpakato mwingine mkuukuu niliougeuza seva ya mafaili, ambao hukaa rafuni umefungwa kifuniko. Nafungua uzi kwa sababu habari nyingi za kuhama ni za sentensi moja. Huyu anasema kwake imepita, yule anasema imemharibia kila kitu, na aliyeweka kidole juu ya Enter hapati msaada kwa yeyote kati yao. Tuandike kwa kirefu: ulikuwa na nini, ulifanya nini, kilitokea nini.

Kwa asiyefuatilia: trixie ilitoka tarehe 9 Agosti 2025, miaka miwili na miezi miwili baada ya bookworm. Inakuja na kerneli (kiini cha mfumo) 6.12, mazingira ya eneokazi GNOME 48, Plasma 6.3 na Xfce 4.20, pamoja na Python 3.13 na apt 3.0 (programu ya kuweka na kusasisha vifurushi). Aliye bookworm hajatupwa, kwa sababu kikosi cha LTS (msaada wa muda mrefu) kitaibeba hadi Juni 2028. Hakuna anayekukimbiza.

Sasa niseme lililonigusa zaidi. Katika mashine zote tatu, hakuna kifurushi hata kimoja cha Debian yenyewe kilichonisumbua. Kila kilichokwama ni kitu nilichokipachika mimi kwa mkono wangu zamani, nikakisahau. Ripo (hazina ya vifurushi) ya nje niliyoiongeza kwa ajili ya programu moja tu. Faili la mipangilio nililolihariri usiku mmoja na kuliacha hivyo. Ndiyo maana kazi kubwa niliifanya jioni ya kabla ya kuhama, kabla sijagusa neno "trixie" popote. Amri iliyonisaidia kuliko zote ni hii, na imo katika maelezo rasmi ya toleo:

`apt list '?narrow(?installed, ?not(?origin(Debian)))'`

Inakutolea kila kifurushi kilichopo ambacho hakikutoka Debian. Kwenye mpakato wangu vilitokea kumi na vinne. Vinane sikukumbuka hata nilivileta kwa sababu gani. Nikaviondoa, nikazima ripo zake, nikachukua nakala rudufu ya /home na /etc kwenye diski ya nje, nikafungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye nakala hiyo kuhakikisha yanafunguka. Wengi huiruka hatua hiyo ya mwisho. Nakala ambayo hujawahi kuifungua bado hujui kama ni nakala.

Baada ya hapo mpakato ulikwenda kama maji: kusasisha bookworm hadi mwisho, kuwasha upya, kubadilisha "bookworm" kuwa "trixie" kwenye sources.list (faili linaloorodhesha ripo), `apt update`, kisha `apt upgrade --without-new-pkgs`, kisha `apt full-upgrade`. Msiruke ile amri ya kati. Inasogeza kwanza vile visivyohitaji kuleta kipya wala kufukuza kingine, na hiyo ya mwisho inabaki na mzigo mwepesi. Ilipoleta orodha ya vitakavyoondolewa niliisoma mstari kwa mstari kabla ya kukubali.

Seva ndiyo ilinifundisha. Naihudumia kwa ssh tu (kuingia kwa mbali kupitia mtandao), haina hata kibodi nzuri. Hapa mawili. Kwanza, kama unahama kwa mbali, hakikisha openssh-server ya bookworm imesasishwa hadi 1:9.2p1-2+deb12u7 au zaidi kabla hujaanza. Toleo la nyuma ya hapo, kuhama kukikatika katikati, linaweza kukataa miunganisho mipya na ukabaki nje ya mashine yako mwenyewe. Pili, fanya kazi ndani ya tmux au screen, mtandao ukikatika kazi iendelee.

Katikati ya safari ikasimama na kuniuliza kuhusu /etc/systemd/logind.conf: faili hili umelibadilisha, na kifurushi kimekuja na lake, tufanyeje? Y kuchukua jipya, N kubaki na lako, D kuona tofauti. Nilikuwa nimechoka na kidole kilikuwa kinaelekea Y. Nikabonyeza D. Mistari mingi mipya ya maelezo, na katikati yake mmoja wa kwangu: `HandleLidSwitch=ignore`. Huo ndio unaoiambia mashine isilale kifuniko kikifungwa. Ningebonyeza Y, seva ingewaka upya, ingeona kifuniko kimefungwa, ingelala, nami ningebaki nashangaa kwa nini haijibu. Nikabonyeza N.

Kuna moja halikuulizwa likapita kimyakimya. Nilikuwa nimeweka `vm.swappiness=10` (kupunguza matumizi ya swap, yaani diski kama RAM ya ziada) kwenye /etc/sysctl.conf. Katika trixie faili hilo halisomwi tena mashine inapowaka. Siku ya tatu nikaangalia, nikakuta thamani imerudi 60. Dawa ni kuhamisha mistari yako kwenda kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/, jina liishe na .conf.

Ya mezani nitaieleza nikirudi. Karibuni.

Skripti_Ndefu

Shukrani mkuu, uzi wa maana huu. Nami nina yangu, ya waandishi wa programu.

Nilihama bila kosa hata moja. Asubuhi nikafungua mradi wangu, nikaita mazingira ya venv (kabrasha la Python la mradi huo pekee), nikaambiwa moduli haipo. Ya pili haipo. Zote hazipo. Nikadhani diski imepata hitilafu. Kumbe ndani ya venv, `python3` ni kiungo tu kinachoelekea Python ya mfumo. Mfumo umehama kutoka 3.11 kwenda 3.13, na moduli zangu zote ziko ndani ya kabrasha linaloitwa python3.11. Python mpya haina habari nalo.

Usijaribu kubadilisha jina la kabrasha. Nilijaribu, na moduli zilizokompailiwa kwa C ziligoma. Futa venv, itengeneze upya, rudisha moduli kutoka requirements.txt (orodha ya moduli na matoleo yake). Na kama huna requirements.txt, fanya `pip freeze` LEO ukiwa bado bookworm. Mradi wangu mmoja haukuwa nayo, nikakaa mchana kutwa nakisia matoleo.

ChumaKizee

Naomba kuuliza wajuzi. Nina mashine ya zamani yenye Debian 12 ya biti 32. Nimesoma mahali kwamba trixie haiitaki. Ni kweli? Inafanya kazi vizuri, sitaki kuitupa.

Mdau_Terminali

Ni kweli ndugu yangu, na usijaribu kuihamisha. Katika trixie, i386 (yaani biti 32) haina tena kerneli wala kisakinishi. Vifurushi vya i386 vimebaki kwa kazi moja: kuendesha programu za zamani za biti 32 juu ya mashine ya biti 64.

Ila kabla hujakata tamaa, andika `lscpu` utazame mstari wa juu kabisa unaotaja "op-mode". Ukiona 32-bit peke yake, basi, baki na bookworm maadamu inapata marekebisho ya usalama. Ukiona 32-bit na 64-bit pamoja, kichakataji chako kina uwezo, ila siku ile uliwekewa mfumo wa biti 32. Hapo chukua nakala ya data yako, usakinishe trixie ya amd64 (biti 64) upya kabisa. Usihangaike kuigeuza ikiwa inatembea.

ChumaKizee

Imeandika zote mbili! Miaka yote hii sikujua. Asante sana, nitaisakinisha upya Jumamosi.

Nahodha_wa_Seva

Nachangia kuhusu /boot (yanapokaa mafaili ya kuwashia mashine), maana nimeona watu watatu wakikwama palepale.

Mashine yangu ya kazini iliwekewa mfumo miaka mingi iliyopita, diski imefichwa kwa nenosiri, na /boot ni patisheni yake peke yake yenye MB 240. Wakati ule ilitosha. Safari hii kuhama kulifika kwenye kutengeneza initrd (faili la kuanzia kuwasha mfumo) ya kerneli 6.12, kukasema hakuna nafasi, dpkg (inayoweka vifurushi chini ya apt) ikasimama na vifurushi nusu vimewekwa nusu havijawekwa. Maelezo ya toleo yanataka /boot iwe na angalau MB 768, na kama MB 300 ziwe wazi. Sikuwa nimesoma.

Nilivyotoka: sikuwasha upya. Hilo ndilo la kwanza, USIWASHE UPYA mashine ikiwa hapo. Niliangalia ninatumia kerneli gani kwa `uname -r`, nikaondoa za zamani zote isipokuwa hiyo. Haikutosha. Nikafungua /etc/initramfs-tools/initramfs.conf, nikabadilisha `MODULES=most` kuwa `MODULES=dep`, ili initrd ibebe draiva za mashine hii tu badala ya kubeba za kila mashine duniani. Initrd ikashuka sana, `dpkg --configure -a` ikamalizia kilichobaki, nikavuta pumzi. Ubaya wa dep ni kwamba ukihamisha diski hiyo kwenda mashine nyingine inaweza isiwake. Kwa hiyo baadaye nilipanga diski upya nikaipa /boot GB 1.

Na wenye diski zilizofichwa kama mimi, hakikisheni kifurushi cha systemd-cryptsetup kimewekwa kabla ya kuwasha upya. Katika trixie kazi ya kufungua diski hizo imetengwa kuwa kifurushi chake.

Nyumba_ya_Data

Kwangu ni kifupi. Hifadhidata ya MariaDB inatoka 10.11 kwenda 11.8: izime vizuri kabisa kabla ya kuhama. Ikiwa ilizimika kwa kukatika umeme, iwashe kwanza, iache ijirekebishe, kisha uizime kwa utaratibu. Hifadhidata ya PostgreSQL 15 haigeuki 17 yenyewe, zote mbili zitakaa pamoja hadi uite `pg_upgradecluster`. Na mwenye seva ya barua pepe, tafadhali usihame siku ya kazi. Dovecot 2.4 haielewi mipangilio ya 2.3, utaiandika upya. Nilitenga siku moja, nikatumia mbili.

Mdau_Terminali

Nimerudi na ya mezani kama nilivyoahidi. Ina RAM ya GB 4 na Plasma.

La kwanza walilolilalamikia nyumbani ni dogo kabisa: mafaili hayafunguki. Walikuwa wanabonyeza mara moja kama walivyozoea, na Plasma 6 inataka mara mbili. Kwenye mipangilio ya mfumo kuna mahali pa kurudisha kubonyeza mara moja. Dakika moja imekwisha, lakini kwa mtu asiyejua, kompyuta imeharibika. Anayehamisha mashine ya watu wengine akae nao nusu saa ya kwanza, awaone wanavyoitumia.

La pili lilinichukua muda. Mtu anahariri video, programu inafika katikati inasema nafasi imejaa. Diski ina GB 90 wazi. Nikaita `df -h /tmp`, nikaona neno tmpfs na GB 2. Katika trixie /tmp haiko tena kwenye diski kwa chaguo-msingi, iko ndani ya RAM, na inaruhusiwa kufika nusu ya RAM. Nusu ya 4 ni 2, na programu ile inamwaga vipande vya video humo. Nilirudisha ya zamani kwa `systemctl mask tmp.mount` na kuwasha upya. Mwenye RAM nyingi aiache ilivyo, ni nzuri na ya haraka.

Skripti_Ndefu

Mkuu, mafaili yaliyokuwemo kwenye /tmp ya diski yalifutwa?

Mdau_Terminali

Hapana, yapo chini yake, yamefunikwa tu. Ukiondoa hiyo tmpfs utayaona. Na kuna habari inayozunguka kwamba trixie inafuta kila kitu cha siku kumi ndani ya /tmp na cha siku thelathini ndani ya /var/tmp. Hiyo ni kwa aliyesakinisha upya. Aliyehama kutoka bookworm anabakiziwa tabia ya zamani.

Mgeni_wa_Pengwini

Wakuu NISAIDIENI. Naandika kwa simu. Nimehama leo, imemaliza bila kosa, nimewasha upya, baada ya menyu ya GRUB (ya kuchagua mfumo au kerneli ya kuwasha) skrini ni nyeusi tupu. Kuna kazi yangu ya shule humo ndani na sikuchukua nakala. Nifanyeje? Nisakinishe upya?

Nahodha_wa_Seva

Usisakinishe chochote. Tulia, kazi yako ipo. Skrini nyeusi si diski kufutika.

Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Unapata mahali pa kuandika jina na nenosiri?

Mgeni_wa_Pengwini

Ndiyo! Nimeingia. Nimeandika `ls` nimeona kabrasha langu lipo.

Nahodha_wa_Seva

Vizuri. Sasa kabla ya lolote jingine, chomeka flashi, tunakili kazi ya shule. Andika `lsblk`, niambie umeona nini.

Mgeni_wa_Pengwini

sda yenye sda1 na sda2, na sdb yenye sdb1 ya GB 14.9.

Nahodha_wa_Seva

sdb1 ndiyo flashi. Andika `sudo mount /dev/sdb1 /mnt`, kisha `sudo cp -r ~/jina_la_kabrasha /mnt/`, kisha `sudo umount /mnt`. Ile ya mwisho isubiri hadi ikurudishie mstari ndipo uichomoe. Ikishindikana sema.

Mgeni_wa_Pengwini

Imekubali. Nimeichomeka kwenye simu nimeona mafaili yote yapo, nimefungua moja limefunguka. Asante sana, mikono ilikuwa inatetemeka.

Mdau_Terminali

Pole sana mdogo wangu, na hongera. Sasa tutafute chanzo. Draiva ya kadi ya michoro uliiwekaje? Kwa apt, au ulipakua faili kutoka tovuti ya watengenezaji ukaliendesha?

Mgeni_wa_Pengwini

Nilipakua faili la .run mwaka jana, nikafuata video.

Mdau_Terminali

Ndiyo hiyo. Faili lile lilijenga moduli kwa ajili ya kerneli ya bookworm. Apt haina taarifa kwamba lipo, kwa hiyo ilipoleta 6.12 haikuwa na namna ya kuijengea moduli mpya. Hata ile amri yangu ya pale juu isingelionyesha, maana si kifurushi, na hilo nilipaswa kuliandika tangu mwanzo.

Fanya hivi. Washa upya, kwenye GRUB ingia "Advanced options", chagua kerneli ya zamani, ile ya 6.1. Huenda skrini ikarudi, isiporudi rudi Ctrl+Alt+F3. Kisha liendeshe tena lile faili la .run ukiliongezea `--uninstall`. Kama ulishalifuta faili lenyewe, sema nikuelekeze njia nyingine. Baada ya hapo hakikisha ripo zako zina maneno contrib, non-free na non-free-firmware, `apt update`, weka `linux-headers-amd64`, halafu weka draiva kwa apt. Itajengwa na DKMS (chombo cha kujenga moduli za kerneli), na kila kerneli mpya ikija itajengwa tena yenyewe. Wakati wa kujenga soma kinachoandikwa, kukitokea kosa lilete hapa lote kama lilivyo, usilifupishe.

Mgeni_wa_Pengwini

6.1 imewaka na skrini imerudi! Faili la .run bado lilikuwepo kwenye Downloads. Nimeliondoa. Naendelea.

Nyumba_ya_Data

Usifute kerneli ya 6.1 hadi 6.12 iwake mara mbili tatu bila tatizo.

Mgeni_wa_Pengwini

Nimerudi wakuu. Headers zimeingia, draiva imeingia, ilikaa kama dakika tano inajenga, imeandika "done" bila kosa. Nimewasha upya na kerneli 6.12. Skrini ilibaki nyeusi kama sekunde tatu, moyo ukaanza kwenda mbio, halafu sehemu ya kuandika nenosiri ikaja. `uname -r` inasema 6.12. Sasa hivi naandika nikiwa kwenye hiyohiyo kompyuta, na flashi nimeiweka kwenye droo.